Sura Moja ya Papa Fimbo

Mpaka leo nikinusa dawa ya nywele imechanganyika na mafuta ya mandazi, masikio yangu huanza kumsubiri Tonton Safari akohoe. Alikuwa anakohoa mara mbili, kikohozi cha kusafisha koo, kisha anavuta kigoda karibu na televisheni na chumba kizima kinanyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili yetu kule Isipingo, kusini mwa Durban, katika chumba cha nyuma cha saluni ya Mama Solange. Nje, vijana wa taxi, yale mabasi madogo ya huko, walikuwa wanaita abiria wa kwenda mjini, na ndani wanawake waliotoka kanisani walikuwa wamevua viatu na kukalia vilevile viti vya plastiki walivyosukia watu wiki nzima. Televisheni ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na Mama Solange, mwenye saluni na mwenye sauti, ndiye peke yake aliyeruhusiwa kukifunua. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kombe la Dunia lilikuwa limepita mjini miaka miwili nyuma na kutuachia vuvuzela moja iliyopasuka, ambayo watoto wa Mama Solange waligombana juu yake hadi Mama Solange akaitia kwenye pipa la taka.

Filamu zetu zilitoka Afrika Magharibi na zilizungumzwa kwa Kiingereza. Tonton Safari alizinunua kwa wachuuzi wa Warwick Junction, karibu na mahali alipokuwa analinda magari ya watu akiwa amevaa kikoti chake cha njano chenye kung'aa. Alikuwa mdogo wake marehemu baba yangu, Tonton kwa Kifaransa chetu, na ndiye mwanamume pekee wa ukoo wetu tuliyebaki naye. Katika kila filamu aliyoleta alikuwemo mzee mmoja, mnene, mwenye ndevu nyeupe na mkongojo. Jina lake la kweli lilikuwa refu na hakuna aliyejaribu kulitamka, basi tukamwita Papa Fimbo. Nyota yake ilikuwa imewaka tangu kabla sijazaliwa; wanawake waliokuja na watoto mgongoni kupitia nchi tatu au nne walikuwa wamemwona huko njiani, katika vibanda vya video, na kumkuta tena Durban kwao kulikuwa kama kukutana na jirani. Kwa kuwa wengi wao walijua Kiswahili, Kifaransa na Kizulu cha sokoni, lakini Kiingereza kidogo sana, Tonton alipunguza sauti ya televisheni na kuwatafsiria. Na alitafsiri kweli. Papa Fimbo akifoka, Tonton anafoka. Mke wa Papa Fimbo akilia, Tonton analia kwa sauti nyembamba ya kike hadi mama zetu wanajifuta kwa ncha za vitenge.

Filamu ikiisha ilianza kile tulichokiita kesi ya Papa Fimbo. Mama Solange alikuwa mshitaki. Kwake yeye mzee yule hakuwa na kipaji bali mazoea. "Huyu iko na sura moja tu," alikuwa anasema huku akirudisha kitambaa juu ya televisheni. "Akifiwa, sura ileile. Akioa, ileile. Mukimupa kuwa mchungaji ao mwizi, ile fimbo, zile ndevu, ile sura." Tonton alikuwa wakili wa utetezi, naye hakukubali hata siku moja. Alitaja filamu ambayo Papa Fimbo alikuwa mfalme mkatili, nyingine alikuwa mjane mpole anayejifunza kupika, nyingine baba mkwe bahili aliyetuvunja mbavu. Mtu mwenye sura moja angewezaje kutufanya tulie na tucheke hivyo? Wengine waligawanyika, mandazi yakazunguka, na mama yangu, ambaye alisuka pale saluni na hakuwa msemaji, alicheka tu na kusema kwamba Safari angekuwa amesoma angekuwa avoka mkubwa, wakili wa kweli. Tonton alipotaka kumchokoza alimwita Mama Daniel. Mama hakuwahi kuitika jina hilo. Alikuwa anajifanya hakusikia, na uso wake ulifungwa kama mlango. Mimi naitwa Zawadi na ni mtoto pekee, basi siku moja nikamuuliza Tonton huyo Daniel ni nani. Akanijibu kwamba ni yule wa kwenye Biblia, kwa sababu mama yako naye amepita tundu la simba akatoka. Jibu likanitosha.

Shuleni tulifundishwa kwa Kiingereza, na kwa miaka kadhaa lugha hiyo iliniingia polepole, kwa aibu na kwa vitisho vya watoto wa wenyeji walionicheka lafudhi. Jumapili moja, bila kukusudia, nikamsikia Papa Fimbo mwenyewe chini ya sauti ya Tonton. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, mkongojo mkononi, akimwangalia kijana wake. Tonton alikuwa anasema, kwa sauti inayotetemeka, "Mwanangu, nilikulea kwa jasho langu, leo unaniacha kama mbwa mbele ya watu." Wanawake wakaguna kwa uchungu. Lakini Papa Fimbo alikuwa amesema kwamba ana njaa, na chakula kiko wapi. Nikacheka kwa nguvu. Mama akanifinya paja mpaka nikanyamaza, lakini masikio yalikuwa yameshafunguka na hayakufunga tena. Wiki baada ya wiki nilisikiliza. Tonton Safari hakujua Kiingereza. Alijua kusalimia, kuuliza bei, na kumwambia dereva arudi nyuma taratibu. Mengine yote, ukatili wa mfalme, upole wa mjane, ubahili wa baba mkwe, aliyatoa kichwani mwake kwa kuangalia nyuso na mikono. Ile kesi ya kila Jumapili, kumbe wakili alikuwa anajitetea mwenyewe.

Nilikaa na siri hiyo na ilinifurahisha. Sikuona ubaya wake. Nani alidhurika? Mama zetu walisimama siku sita kwa wiki wakisuka vichwa vya watu, na siku ya saba mtu mmoja aliwapa mfalme anayesema lugha yao. Ningeendelea kunyamaza, wallahi, kama mama asingeitwa kwenye ofisi ya wakimbizi. Karatasi zake zilikuwa zinaangaliwa upya. Alitakiwa aende asimulie tena jinsi alivyotoka nyumbani, na kila mtu Isipingo alijua maana yake: maneno yako ya leo yakipishana na yale uliyoandikisha siku ulipofika, unaonekana mwongo, na mwongo hapewi karatasi. Bila karatasi, mama asingeruhusiwa kufanya kazi wala mimi kubaki shuleni. Kama mkalimani wao wa Kiswahili hayupo, mtu alikuwa anakuja na wake. Mama Solange alimuuliza atakwenda na nani. "Na Safari," mama akajibu bila kufikiri. "Mutu anamutafsiri Papa Fimbo, mimi nitamushinda?" Nilimtazama Tonton. Alikuwa anatafuna andazi na akaacha kutafuna, lakini watu wote walikuwa wanamwangalia, na ilikuwa vigumu kwake kukataa. Akasema sawa.

Usiku huo sikulala, na kulipokucha nilikuwa nimeamua. Nilimwambia mama jikoni, wakati anasonga ugali, kwamba Tonton hajui Kiingereza na kwamba nitakwenda naye mimi. Mama hakugeuka. Aliniambia nisimvunjie heshima baba yangu mdogo. Nikarudia. Akaniambia kwamba mtoto akinyea mkono haukatwi, unaoshwa, lakini mtoto anayemchafua mkubwa mbele ya watu ataoshwa na nani? Nikarudia tena, kwa sababu mimi nilizaliwa na kichwa kigumu na Durban haikukilainisha. Hapo ndipo alipoweka mwiko chini. "Zawadi, iko maneno hayafai masikio ya mutoto. Safari anajua yote. Mimi hata nikishindwa kusema, yeye atasema." Niliondoka jikoni nikiwa na hasira, maana nilielewa nusu tu ya jibu lake, ile nusu ya kwamba ananiona mdogo. Lakini nilisikia pia kitu kilichonitisha zaidi. Kama mama angeshindwa kusema, Tonton angesema, na Tonton alisema vizuri sana yale ambayo hayakusemwa.

Siku ya pili baada ya shule nikapanda taxi hadi Warwick nikiwa na sare yangu. Nilipita katikati ya wauza dawa za mizizi, wanawake wa mahindi ya kuchemsha, na wapagazi wanaosukuma mikokoteni na kupiga miluzi ili upishe njia. Tonton alikuwa kwenye maegesho yake, anamwelekeza mwenye gari jeupe. Nilimsubiri amalize. Nilikuwa nimepanga maneno ya heshima, marefu, yenye kuzunguka, na yote yakapotea. Nikamwambia, "Tonton, haujui Kiingereza." Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alivua kofia, akaifuta kwa ndani, akaniuliza ni nani mwingine anayejua. Nikasema ni mimi tu. Akaniuliza kama nimeshawahi kuona wanawake wale wakicheka katikati ya wiki. Nikasema hapana. Akavaa kofia. "Nilitaka kumwambia mama yako nikashindwa. Kila siku nasema kesho. Ngoja Jumapili." Gari lingine likaingia na akaenda kuliongoza kwa mikono miwili, kwa madaha, kama vile hatukuwa tumezungumza.

Kabla Jumapili haijafika, habari zikaja kwa simu kutoka kwa ndugu wa mtu kule Lubumbashi kwamba Papa Fimbo amefariki. Msiniulize kwa nini watu wasiojua hata jina la mtu wanaweza kumlilia. Saluni ilifungwa nusu saa. Mama Solange, mshitaki wake, ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote, na katikati ya kilio akasema hata hivyo marehemu alikuwa na sura moja. Ikaamuliwa kwamba Jumapili tufanye kumbukumbu, na iwekwe filamu tuliyoiita ya viatu, ambayo wote waliikubali kuwa kubwa kuliko zote. Walikuja watu mpaka wa mtaa wa Jacobs, wanaofanya kazi viwandani, ambao hatukuwaona mara kwa mara. Wengine walisimama mlangoni. Kitambaa kilifunuliwa, Tonton akavuta kigoda, akakohoa mara mbili, na chumba kikanyamaza. Halafu akasimama.

Sijasahau jinsi mikono yake ilivyokuwa, hakujua aiweke wapi. Akasema kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na yeye hangoji kilio. Akasema, "Miaka yote hii maneno mulikuwa munasikia ni yangu. Yake sikuyajua. Leo tunamuzika, basi asikike mwenyewe. Zawadi, kuja." Watu waligeuka kunitazama. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, mkono mdomoni. Nilikwenda, nikakaa kwenye kigoda kilichokuwa bado na joto lake, na filamu ikaanza. Sikukohoa. Nilitafsiri kila neno kama lilivyokuja, wala sikuongeza chumvi. Papa Fimbo alisema lete maji, nikasema lete maji. Alisema mvua itanyesha, nikasema mvua itanyesha. Alisema mtoto wa fulani ni mpumbavu, nikasema. Nilianza kusikia viti vikisogea. Mtu mmoja mlangoni akauliza hii ni filamu ileile kweli? Mzee wetu mkubwa alikuwa anapungua mbele ya macho yetu, akawa mtu mnene mwenye fimbo anayetembea kutoka chumba hadi chumba akiagiza vitu. Mama Solange hakuweza kujizuia. "Nilisema mimi! Sura moja!" Akapiga makofi, kisha akatazama upande wa Tonton na mikono yake ikashuka. Ushindi wake haukuwa mtamu hata kidogo.

Kisha ikafika ile sehemu. Papa Fimbo anarudi kutoka sokoni na kukuta uani kwake kumejaa watu waliokaa chini. Hakuna anayemwambia kitu. Anawatazama mmoja mmoja, anaelewa kwamba aliyekufa ni mwanawe, na anakwenda kwenye ngazi ya nyumba, anakaa, anavua viatu vyake taratibu na kuviweka pamoja, sawasawa, kisigino kwa kisigino. Halafu anavitazama. Ni hivyo tu, na ni dakika nyingi. Nilifungua mdomo nikakuta sina la kusema. Nilimwangalia Tonton, naye akanipa ishara ndogo ya kidole mdomoni, na hapo nikakumbuka kwamba hata yeye, mwenye maneno ya kuuza, sehemu hiyo hakuwahi kuitia neno. Miaka yote alikuwa ananyamaza hapo. Chumba kililia kama kilivyolia siku zote, hata wale wa Jacobs waliokuja na mashaka. Nilimwona mama akimtazama Tonton, si televisheni. Filamu ilipoisha, Mama Solange alichelewa kurudisha kitambaa. "Hiyo ya viatu," akasema, "hiyo haikuwa ya Safari. Hiyo iko yake." Hakuna aliyepinga.

Nilidhani Tonton angeaibishwa. Watu walimshika mkono wakati wa kutoka, mmoja mmoja, kama ndiye mfiwa. Nyumbani mama alisubiri tumalize kula. Kisha akaniambia nipige pasi sare yangu ya shule, maana ofisini tutakwenda mimi na yeye, na nikiisha kusikia nitakayoyasikia, nisimlaumu mtu.

Tulifika asubuhi mapema na kupanga mstari. Tulipoitwa, mkalimani wao hakuwepo siku hiyo. Afisa alikuwa mwanamke mwenye miwani inayoning'inia kifuani, mwenye kuongea polepole, na aliniangalia sare yangu, akauliza umri wangu, akamuuliza mama kama anakubali. Mama akakubali. Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi: jina, mahali, mwezi. Nilipeleka swali na kurudisha jibu, neno kwa neno, na nilianza kujisikia fundi. Mama alisimulia jinsi baba alivyofariki, jambo nililolijua. Alisimulia mto, na lori la mihogo, jambo nililolijua nusu. Kisha afisa akauliza aliondoka nyumbani na watoto wangapi. Nililitafsiri swali huku jibu nikiwa nalo mdomoni, kwa sababu jibu lilikuwa mimi. Mama akatazama mikono yake.

Akanyamaza. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga na mtu chumba cha pili alikuwa anapiga mihuri. Afisa alinigeukia mimi, akaniuliza mama anasema nini. Naapa kwamba maneno yalikuja, mengi, mazuri, yaliyopangika. Nilikuwa mtoto wa Isipingo, nimelelewa na Tonton Safari, ningeweza kukijaza kile kimya kwa hadithi ambayo ingemliza yule mwanamke papo hapo. Ningeweza pia kusema tu mmoja. Nikamwona mzee mnene kwenye ngazi, na kidole cha Tonton mdomoni mwake. Nikamwambia afisa kwamba mama amenyamaza. Naye akaweka kalamu chini akasubiri.

"Wawili," mama akasema mwishowe. Na mimi nikasema wawili, kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo sikuitambua. Afisa akauliza mwingine yuko wapi. Nikauliza. Mama akasema, "Daniel. Mkubwa wake. Alibaki njiani, nilimuzika mimi na Safari," na mimi nikalisema hilo pia, lote, na jina lake, na umri wake wa miaka minne, mimi nikiwa bado mgongoni, na homa, na mahali. Sikulia mpaka tulipofika nje. Maneno yalilingana na yale yaliyoandikwa siku tulipofika, na karatasi zikatoka. Kwenye taxi ya kurudi mama alinishika mkono njia nzima, na hakuna aliyetafsiri chochote.

Sasa mimi ni mkalimani mahakamani, hapahapa Durban, na kazi hiyo naifanya kwa msimamo ambao wenzangu wanauita ukaidi. Shahidi akinyamaza, watu wote hunitazama mimi kana kwamba chombo kimeharibika. Nasema, amenyamaza, na siongezi. Wengi siku hizi wanataka kila kimya kiwe na maelezo yake, nami sina ya kuwapa. Tonton Safari amezeeka na bado tunaifungua ile kesi akija kula kwetu. Anashikilia kwamba Papa Fimbo aliweza kila kitu. Mimi nashikilia kwamba Mama Solange alisema kweli, mzee alikuwa na sura moja, na maneno yote yale tuliyoyapenda yalikuwa ya mlinda magari mmoja wa Warwick. Ila mzee aliijua sura hiyo mpaka chini kabisa, na mwigizaji anayeijua moja hivyo ametosha. Tonton anatikisa kichwa, anasema nimesoma sana, halafu anageukia jikoni na kuita, "Mama Daniel, kuja umusikie mutoto wako."

Na mama anaitika.